Kufunga GPS ya mteremko kwenye plau ya mabomba: mwongozo kwa mashamba ya bonde la Sabaki

Kila masika yakikaribia, maswali ni yale yale. Antena hufungwa wapi? Mbona kimo kinasoma namba hasi? Mbona jana ilikubali na leo imepotea sentimita 40? Nimeyapanga majibu kwa kufuata mwendo wa kazi yenyewe, ili anayeanza aende hatua kwa hatua.

Mashamba ninayoyasemea ni ya bondeni, kutoka upande wa Lango Baya na Jilore mpaka karibu na daraja la Sabaki na nyuma ya Mambrui. Ardhi ni tambarare, udongo ni mfinyanzi uliochanganyika na tope laini la mto, na maji husimama siku nyingi baada ya mvua kukatika. Pengine utaona ukoko mweupe wa chumvi pale maji ya kumwagilia yalipopanda kutoka chini na kukaukia juu. Bomba lenye matundu likilazwa kina cha mita moja hivi huyaondoa maji hayo na chumvi yake. Lakini bomba halina pampu, linategemea mteremko tu, na mteremko wa bondeni mara nyingi ni sentimita 10 au 15 kwa kila mita 100. Jicho haliuoni. Dereva hodari namna gani hawezi kuushika kwa mkono.

GPS iliyofungwa kwenye plau ya mabomba, ile inayochana ardhi kwa kisu na kulaza bomba nyuma yake, huushika, ila haijui maji yanaelekea wapi. Inafuata ulichoiandikia. Ukiiandikia kosa, italilaza kosa hilo mita 300 bila kutetereka, na hutalijua mpaka mvua inyeshe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni mambo ya kufanya kabla kisu hakijaingia ardhini.

Vitu vya kuwa navyo

- Plau ya mabomba yenye silinda ya haidroliki inayoongoza kina, na trekta lenye nguvu ya kuivuta bila kusitasita. Kwenye mfinyanzi mkavu huenda yakahitajika matrekta mawili yaliyofungwa pamoja.
- Vipokezi viwili vya GPS vyenye RTK, yaani njia ya kusahihisha GPS papo hapo mpaka usahihi wa sentimita: kimoja cha stesheni ya msingi inayokaa mahali pamoja, kimoja cha plau. GPS ya simu hukosea kwa mita, na hapa tunahesabu sentimita.
- Redio mbili za kupeleka masahihisho kutoka stesheni hadi kwenye plau. Laini ya simu pia hufanya kazi, lakini mtandao ukikatika katikati ya mstari utajuta. Redio za masafa ya UHF zinahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.
- Valvu ya umeme ya haidroliki, ile inayofunguka kidogo kidogo kwa kipimo. Valvu ya kufungua na kufunga tu haifai.
- Skrini yenye programu ya mteremko.
- Levo ya darubini ya kupimia tofauti za kimo, yenye miguu mitatu, pamoja na fito yake. Wengi huiacha nyumbani wakidhani GPS imechukua nafasi yake. Usiiache. Ndiyo shahidi wako wa pili, na ukinunua vitu viwili tu mwaka huu, kimoja kiwe hicho.
- Fimbo nyembamba ya chuma ya mita 1.5 ya kuchomea nyuma ya plau.
- Bomba la plastiki lenye mikunjo, inchi 4 kwa mistari midogo. Kwenye mchanga laini au tope la mto, lenye soksi ya kitambaa.
- Utepe wa kupimia, vigingi, rangi na daftari.

Kuhusu soksi, kwa sababu huulizwa sana: mfinyanzi mtupu hauihitaji. Mchanga laini na tope huingia ndani ya bomba na kutulia. Kanuni zinazofuatwa Marekani hutaka mteremko wa karibu asilimia 0.55 kwa bomba la inchi 4 lisilo na chujio kwenye udongo wa namna hiyo, ili maji yakimbie vya kutosha kuusukuma uchafu. Bondeni huku mteremko huo haupatikani bila kuzamisha bomba kupita kiasi. Basi livishe bomba soksi, na ukae kwenye asilimia 0.1 au 0.15.

Mambo mawili hayahusu mitambo lakini yanaweza kuisimamisha kazi yote. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali kwa kukausha kinamasi au ardhi nyingine, hivyo pitia ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuelekeza maji mtoni. Pili, ulizia kilichofukiwa. Maji ya Baricho yanayonywewa Malindi mpaka Mombasa hupita kwenye mabomba makubwa ya chini, na siku hizi kuna nyaya za intaneti pia. Kisu cha plau hakitambui chochote kati ya hivyo.

Hatua kwa hatua

1. Anza na mdomo wa bomba.

Usianze na skrini. Nenda mahali maji yatakapotokea, mtaroni au kwenye kingo za mto, upime kimo cha chini kabisa ambacho mdomo unaweza kukaa bila kuzama. Kawaida huachwa sentimita 30 kutoka sakafu ya mtaro hadi chini ya bomba, kwa sababu mitaro ya huku hujaa tope haraka.

Shamba likiwa karibu na mlango wa mto, kapime wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa. Pwani yetu bahari hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 na zaidi wakati wa bamvua, na maji ya mto hurudi nyuma. Mtu akipima siku ya maji mafu ataweka mdomo chini mno, na bomba litakuwa linanywa maji ya chumvi badala ya kuyatoa. Ikiwa huna kimo cha kutosha, weka kifuniko cha bawaba kinachojifunga maji yakirudi, au jenga kisima kidogo na pampu. GPS haiwezi kukuumbia mteremko ambao ardhi haina.

Kazi ya mdomoni ifanywe mchana. Viboko wa Sabaki hutoka majini jioni kwenda malishoni, na njia zao ni hizo hizo kingo unazotaka kuchimba.

2. Weka bikoni, kisha stesheni juu yake.

Chagua mahali wazi ndani ya shamba au kando yake, mbali na minazi, miembe na mapaa ya mabati. Majani huzuia mawimbi ya setelaiti, nayo mabati huyarudisha yakafika kwenye antena yamechelewa. Chimba, mwaga zege, simika chuma chenye alama ya msumari katikati. Hiyo ndiyo bikoni yako mpaka kazi iishe, na mwakani pia.

Siku ya kwanza iache stesheni ijipime yenyewe, halafu andika viwianishi vyake vyote vitatu daftarini mpaka tarakimu ya mwisho. Siku ya pili na zote zinazofuata, ingiza namba zile zile kwa mkono. Hapa ndipo wanaoanza wanapoumia kuliko popote. Ukiiacha stesheni ijipime upya kila asubuhi, itajipa kimo kipya kinachotofautiana na cha jana kwa nusu mita au hata zaidi. Ndani ya siku moja kila kitu kitaonekana sawa. Mstari wa leo ukikutana na bomba kuu la jana, ndipo utakapogundua kwamba haviungani.

Pima pia urefu wa antena kutoka msumarini, kila siku, kwa utepe. Miguu mitatu haifunguki sawa mara mbili.

Kuhusu namba hasi: GPS hupima kimo kutoka kwenye umbo la hesabu la dunia, si kutoka usawa wa bahari. Pwani ya Kenya usawa wa bahari uko chini ya umbo hilo kwa zaidi ya mita 20, kwa hiyo shamba la karibu na ufuo huonyesha kimo hasi. Si hitilafu. Kwa kazi ya mabomba unachohitaji ni tofauti ya kimo kati ya nukta na nukta, basi unaweza kuipa bikoni kimo chako mwenyewe, tuseme 50.00, na kila kitu kipimwe kutoka hapo.

Ukitaka kufunga kazi yako na ramani, tumia gridi ya ramani iitwayo UTM, kanda ya 37 kusini, inayobeba Malindi na Lamu zote. Kumbuka kuwa ramani za zamani za mashamba zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na GPS hutumia WGS84. Ukizichanganya, mpaka wa shamba utahama kiasi cha mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Na ukitaka kimo cha bikoni kinachotambulika duniani, Malindi yenyewe ina antena ya kudumu ya IGS, mtandao wa kimataifa wa vituo vya kupokea setelaiti, iitwayo MAL2, na data yake hupatikana bure kwa kuchakatia baadaye. Mimi siioni haja hiyo kwa shamba la kawaida. Bikoni isiyotikisika inatosha.

3. Funga antena juu ya kisigino cha kiatu.

Kiatu ni kile kipande cha nyuma cha plau ambamo bomba hutelezea na kulala. Sehemu yake ya nyuma chini, kisigino, ndiyo inayoacha sakafu ya bomba. Kipimo chochote kingine cha plau hakina maana kwa maji.

Kwa hiyo nguzo ya antena isimame wima juu ya kisigino. Isiwe juu ya kisu, wala juu ya ekseli, wala pale palipokuwa na tundu tayari. Ukiiweka sentimita 50 mbele ya kisigino na plau ikainama nyuzi 2 tu, kimo unachosoma kitakuwa kimepotoka kwa karibu sentimita 1.7. Kwenye mteremko wa asilimia 0.1, hicho ni kimo cha mita 17 za bomba. Kama umbo la plau halikuruhusu kukaa juu ya kisigino, ni lazima uwe na kipima mwinamo kilichofungwa kwenye plau, na programu iambiwe umbali huo.

Shika nguzo kwa mkono uitikise. Ikicheza, ichomelewe upya au ifungiwe mkono wa pili. Halafu panga waya ukiwa umeinua plau juu kabisa, kisha ukiwa umeishusha chini kabisa. Waya uliokazwa plau ikiwa juu hukatika mara ya kwanza inaposhuka.

4. Ingiza vipimo kwenye programu.

Simamisha plau kwenye sakafu ngumu, usawa. Pima kwa utepe kutoka chini ya kisigino hadi kwenye alama ya antena, wima, mara mbili, watu wawili tofauti. Ingiza namba hiyo. Chagua aina halisi ya antena kwenye orodha ya programu, maana kila antena ina mahali pake pa kupokelea mawimbi na orodha hiyo ndiyo inayopajua mahali hapo.

Kisha angalia vizio. Programu nyingi za kazi hii zimetengenezwa kwa mashamba ya Marekani na Kanada, na zikifunguliwa mara ya kwanza husoma futi. Badilisha ziwe mita kabla ya kuingiza chochote. Angalia pia mteremko unaandikwa kwa asilimia au kwa uwiano: 0.1 iliyosomwa kama uwiano ni mita 10 kwa kila mita 100.

5. Fundisha valvu.

Washa trekta na uendeshe haidroliki dakika 15 mpaka 20 mafuta yapate moto. Ukifundisha valvu kwa mafuta baridi ya asubuhi, itakuwa na haraka mno saa sita mchana.

Kwanza hakikisha mwelekeo. Bonyeza kupanda, plau ipande. Ikishuka, nyaya au mipira ya mafuta imegeuzwa. Usiitatue kwa kukumbuka kwamba imegeuka, igeuze.

Pili, tafuta nguvu ndogo kabisa ya umeme inayoanza kuisogeza silinda, upande wa kupanda na upande wa kushuka kivyake. Namba mbili hizo hazilingani, kwa sababu kushuka kunasaidiwa na uzito wa plau.

Tatu, iamuru ipande sentimita 5 kwa mkupuo. Inatakiwa ifike na kutulia. Ikipita na kurudi, punguza kasi ya mwitikio. Ikijikokota, iongeze. Mwisho, weka kiasi cha uvumilivu, yaani tofauti ambayo valvu itaipuuza, kwenye milimita 5 hivi. Wapo wanaoiweka sufuri wakitaka usahihi, na wanachopata ni valvu inayotetemeka siku nzima ikifukuza mchezo wa kawaida wa GPS.

6. Jaribio la kusimama.

Egesha trekta, plau ikiwa chini, injini inanguruma. Subiri skrini ionyeshe fiksi, yaani RTK imeshika na kipimo ni cha sentimita, kisha tazama kimo kwa dakika 10. Kisicheze zaidi ya sentimita 2. Sasa zima kipokezi cha plau, kiwashe tena, subiri fiksi upya: kimo kirudi pale pale. Kisiporudi, usivute. Kipimo cha wima cha RTK hata katika hali nzuri hukosea sentimita 1.5 hadi 2, kwa hiyo huna nafasi ya kuongeza makosa mengine juu yake.

7. Pima mstari.

Plau ikiwa juu, endesha trekta polepole kutoka mdomoni hadi mwisho wa mstari, katika njia ile ile utakayovuta. Programu itachora uso wa ardhi. Shuka ukague mwenyewe vichuguu, matuta na mitaro ya zamani. Skrini huonyesha shimo bila kukwambia kuwa ni njia ya maji ya jirani.

8. Chora mteremko.

Iambie programu mambo manne: kimo cha mdomo, mteremko mdogo unaokubalika, kina kidogo na kina kikubwa. Kina kidogo kisiwe chini ya sentimita 60 za udongo juu ya bomba, ama sivyo trekta litaliponda. Kina kikubwa ni kile plau yako inachofikia.

Usiukubali mchoro kabla ya kuukokotoa mwenyewe kwa kalamu. Tuseme mstari ni mita 240, mdomo uko kimo cha 50.00, mteremko ni asilimia 0.15. Bomba litapanda sentimita 36, limalizike kwenye 50.36. Uso wa ardhi mwishoni ukiwa 51.35, kina ni sentimita 99. Kuna bonde dogo kwenye mita 150, uso 51.10, hapo bomba liko 50.225, kina ni karibu sentimita 87. Panafaa. Dakika tano za hesabu, na umeshajua kama skrini na wewe mnasema kitu kimoja.

Programu nyingi zinaweza kubadilisha mteremko njiani kufuata ardhi. Ruhusu, mradi hakuna sehemu inayolala tambarare wala kurudi nyuma. Bomba likiinama kisha likapanda, tope hutulia kwenye lile bonde na kuziba.

9. Chimba shimo la kuanzia, kisha weka sufuri.

Plau haizami kina chake papo hapo. Chimba kwa eskaveta au kwa majembe shimo refu kuliko kiatu, sakafu yake iwe kwenye kimo cha mdomo. Hakiki sakafu hiyo kwa levo ya darubini kutoka bikoni. Shusha plau mpaka kisigino kilale juu yake, halafu bonyeza kitufe cha kuoanisha kimo. Kuanzia hapo skrini na ardhi ni kitu kimoja.

Mtu asiingie shimoni plau ikiwa imeinuliwa, hata kwa sekunde ya kuokota kigingi. Silinda ikipasuka mpira, plau hushuka bila onyo.

10. Vuta.

Daima kutoka mdomoni kwenda juu. Ingiza bomba kwenye kiatu, mtu alishike ncha mita chache za kwanza, kisha washa hali ya kujiongoza, mtambo ushike kimo cha plau wenyewe. Mwendo uwe kilomita 2 kwa saa kwa anayeanza. Dereva aangalie mbele, msaidizi aangalie skrini na bomba linavyoingia.

Bomba lisikae juani. Plastiki nyeusi kwenye jua la utosi la Malindi hulainika, ikivutwa hurefuka, na bomba lililorefuka huwa dhaifu na kubonyea. Weka marobota chini ya mwembe mpaka dakika ya kuyahitaji, na katika miezi ya kaskazi anza kazi alfajiri.

Ikikubidi kusimama, simama bila kuinua plau na bila kurudi nyuma. Skrini ikipoteza fiksi, simama hapo hapo. Plau nyingi hujishikilia kimo cha mwisho kwa mita chache tu, na baada ya hapo unavuta kwa kubahatisha.

Kila mita 20 hivi, msaidizi achome fimbo nyuma ya plau mpaka iguse bomba taratibu, apime kina, aandike. Hili halichukuliwi kwa uzito, na ndilo limeokoa mistari mingi kuliko kitufe chochote.

11. Hakiki, kisha fukia.

Kabla ya kufunga mfereji, fungua ardhi sehemu tatu au nne za mstari mpaka uone bomba, upime kimo chake kwa levo. Linganisha na mchoro. Tofauti ya sentimita 1 au 2 inavumilika ikiwa bomba bado linashuka kuelekea mdomoni. Weka wavu wa chuma mdomoni kuzuia panya na kenge, funika ncha ya juu kwa kizibo, na uhifadhi faili la mstari pamoja na viwianishi vya bikoni. Atakayetaka kuunganisha tawi miaka ijayo atakushukuru.

Mambo yakienda kombo

*Skrini inaonyesha floti (kipimo bado hakijashika), haifiki fiksi.* Angalia betri ya stesheni kwanza, halafu antena ya redio. Kisha tazama umbali: stesheni ikiwa zaidi ya kilomita 10, isogeze karibu. Kisha tazama miti.

*Mchana inafanya kazi vizuri, jioni inapotea.* Hili ni letu sisi tulio karibu na ikweta. Malindi iko nyuzi 3 kusini, na baada ya jua kuzama tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, ayonosifia, huchafuka na kutoboka mapovu. Mawimbi ya setelaiti yakipita humo hutetemeka na kipokezi huyapoteza. Hali huwa mbaya kuanzia saa 1 hadi saa 6 usiku, zaidi katika miezi inayozunguka Machi na Septemba, na katika miaka ambayo jua lina madoa mengi. Mwongozo uliokuja na mtambo hautakuambia, kwa sababu uliandikwa kwa ajili ya mashamba yaliyo mbali na ikweta, ambako tatizo hili ni nadra. Hakuna mpangilio wa kulitibu kabisa. Kipokezi cha masafa mawili kinachopokea setelaiti za GPS na za mifumo mingine kama hiyo, GLONASS, Galileo na BeiDou, kwa pamoja huvumilia zaidi, na stesheni ikiwa ndani ya shamba husaidia. Ila dawa ya uhakika ni kufunga kazi kabla ya magharibi. Mwenye shamba akikusukuma umalizie mstari kwa taa, kataa.

*Plau inapanda na kushuka kama mashua kwenye wimbi.* Kasi ya mwitikio imezidi, au nguzo ya antena imelegea. Kaza nguzo kwanza. Ikiendelea, punguza mwitikio kidogo kidogo huku ukivuta mahali pasipo na bomba.

*Bomba linajitokeza juu mita chache za mwanzo.* Shimo la kuanzia lilikuwa fupi, au ncha ya bomba haikushikwa.

*Asubuhi kimo cha bikoni hakilingani na cha jana.* Tafuta kwa utaratibu huu: stesheni ilijipima upya? Urefu wa miguu mitatu uliingizwa wa jana? Aina ya antena imebadilika kwenye orodha? Kama vyote ni sawa, angalia kama kuna aliyeigonga bikoni. Ng'ombe hupenda kujikuna kwenye chuma kilichosimama peke yake.

*Skrini inasema kina ni sawa, fimbo inasema sivyo.* Amini fimbo. Simama, leta levo, pima kisigino. Mara nyingi utakuta kipimo cha antena hadi kisigino kiliingizwa vibaya, au kisigino kimelika. Kwenye udongo wenye mchanga chuma cha kiatu hulika haraka, na kila milimita iliyolika inabidi iondolewe kwenye namba uliyoingiza hatua ya 4. Kipime upya kila unapohamia shamba jingine.

*Valvu haijibu kabisa.* Kagua fyuzi, kisha plagi ya waya nyuma ya trekta. Hewa ya chumvi ya huku hula shaba kimyakimya, na plagi huonekana nzima kwa nje huku ndani imeota kijani. Isugue, ipake grisi ya umeme, uifunge kwa mpira.